Siku tatu za kuchora ramani ya kazi kwenye karakana yetu ya sare: hela ilienda kihalali?

Naandika hii kwa ajili ya wenye karakana ndogo, wa kushona, wa kuchomelea, wa mbao, wa uchapishaji, yeyote ambaye oda zinaingia kwake vizuri tu ila zinachelewa kutoka na hajui zinakwama wapi. Sisi tunashona sare za shule hapa Dar, tupo watu 14 ukimhesabu na kijana wa kufungasha, na kila ikifika Desemba tulikuwa tunalala karakanani. Kila mwaka. Shule zinafungua Januari, wazazi wamejaa mlangoni, sisi bado tuna mashati hayana vifungo. Mwaka jana mwezi wa tisa tukalipia mtu aje atuongoze siku tatu kuchora ile ramani ya mtiririko wa thamani, wenyewe kwa kifupi wanaiita VSM, yaani value stream mapping kwa Kiingereza, na nimesubiri makusudi msimu wa Januari upite ndo niandike, mana huduma ya aina hii ukiisifia wiki ya kwanza unakuwa umesifia maneno tu.

Jina la ofisi yao siweki. Kuna mambo nitayalalamikia humu, alafu wanaotoa hii huduma siku hizi ni wengi, kwahiyo bora nieleze huduma yenyewe ilivyokuwa ili ukienda kwa yeyote ujue cha kudai.

Bei: tulilipa sh 1,200,000 kwa siku tatu, mtu mmoja mwezeshaji na msaidizi wake, chakula cha mchana na karatasi juu yetu. Kwa karakana kama yetu hiyo ni hela ya cherehani nzuri kabisa, na bosi ambaye ni dada yangu mkubwa alitaka kweli kununua cherehani. Tulibishana wiki mbili. Nitarudi kwenye hilo la cherehani mana ndo lilikuja kutupa jibu.

Kwanza ni kitu gani. Unachagua bidhaa moja, sio zote, unaifuata toka mteja anapopiga simu mpaka anaposaini kwamba kapokea mzigo. Kila inaposhikwa na mtu unachora kiboksi, kila inapokaa inasubiri unachora pembetatu, juu ya karatasi unachora habari zinavyotembea, nani anamwambia nani nini na kwa njia gani, na chini kabisa unachora mstari wa muda unaopanda na kushuka kama ngazi, ukipanda unaandika siku za kusubiri ukishuka unaandika dakika za kazi yenyewe. Hiyo ni ramani ya hali ilivyo leo. Ukimaliza unachora ya pili, mnavyotaka iwe miezi mitatu ijayo, na nani atafanya nini ili mfike. Mizizi yake ni Toyota kule Japani, na nje ya Toyota ikasambaa sana baada ya Mike Rother na John Shook kuitolea kitabu cha mazoezi mwaka 1998. Kwahiyo sio kitu cha jana, na sio kitu cha viwanda vya magari peke yake japo huko ndiko ilikotokea.

Kuna neno mwezeshaji alituandikia ubaoni asubuhi ya kwanza nikalishika mpaka leo. Upotevu, Wajapani wanauita muda. Herufi zilezile, m-u-d-a. Lugha zenyewe hazina undugu wowote, imetokea tu, ila kwa sisi tunaosema Kiswahili neno hilo halihitaji kufafanuliwa mara mbili, mana kwenye ramani yetu upotevu mkubwa kuliko wote tulioukuta ulikuwa muda kweli, huu wa kwetu, siku nzima nzima zimelala mezani juu ya vitambaa.

Sasa siku ya kwanza, na hapa nitakaa kidogo kwasababu hapa ndo hela ilipofanya kazi.

Miaka ya nyuma tulishawahi kulipia semina ya kuongeza ufanisi, siku moja hotelini, projekta, chai na sambusa, vyeti jioni, kesho yake tukarudi karakanani na hakuna hata mkasi mmoja uliohama mahali pake. Kwahiyo mimi nilikaa tayari kuona laptop inafunguliwa. Huyu dada mwezeshaji hakufungua. Alibandika karatasi ya kaki ukutani ndefu kama mita nne kwa selotepu, akatugawia penseli na raba, akasema kalamu marufuku kwa siku mbili za kwanza mana tutafuta sana. Alafu akauliza tufuate bidhaa gani. Tukabishana nusu saa nzima, yeye amenyamaza tu anatuacha, mpaka wenyewe tukakubaliana shati jeupe la mikono mifupi lenye nembo ya shule mfukoni, kwasababu ndo linalobeba oda nyingi na mashati mengine yote yanapita njia ileile.

Tukaanza kutembea. Na hatukuanzia kwenye kitambaa, tulianzia mlangoni kwenye mizigo iliyofungwa tukawa tunarudi nyuma, kufungasha, pasi, kukagua, nembo, vifungo, ovaloki (kuzungushia uzi kingo zisifumuke), kushona, kukata, kitambaa, oda. Niliona ni kujichosha ila baadae nikaelewa, ukianzia mwisho kila hatua unajiuliza hiki kimetoka wapi na kilikuja lini, na jibu la "lini" ndo linauma.

Alipofika kwa mkataji wetu, mzee anayekaribia miaka 60 na amekata nguo tangu mimi niko shule, akamwambia: "Shikamoo fundi. Naomba nisimame hapa pembeni yako kidogo. Sikupimi wewe fundi, nalipima shati." Mzee akamjibu, "Marahaba mwanangu, karibu, ila usinisogezee mkasi." Nawaambia ukweli, hilo neno dogo la kwamba nalipima shati ndo lililofungua karakana nzima. Kabla ya hapo mafundi walikuwa wameshaanza kunong'ona kwamba bosi kaleta mtu wa kupunguza watu. Ukiwa unatafuta mwezeshaji muulize hivi, utawaambia nini mafundi wangu ukifika na saa mkononi? Kama hana jibu la maana tafuta mwingine, mana mtu anayejua anachunguzwa atakushonea haraka kuliko kawaida au taratibu kuliko kawaida, na vyote viwili vinaharibu ramani.

Dakika tulipima kwa saa ya simu, kila hatua mashati kadhaa sio moja. Kukata dakika 2 kwa shati, kushona kola, mfuko, mikono na kuunga vyote dakika 21, ovaloki 4, matundu na vifungo 3, nembo 4, kukata nyuzi na kukagua 2, pasi 2, kufungasha 1. Jumla dakika 39. Hiyo ndo kazi yote ambayo mzazi anailipia kwenye shati moja.

Alafu tukahesabu viporo. Mimi viporo nilikuwa nalijua kwa wali wa jana, ila huyu dada alilitumia kwa kazi iliyoanzwa haijaisha na limebaki hivyo kwetu mpaka sasa. Tulikuta mashati 270 yamekatwa yamefungwa kwa kamba chini ya meza yanasubiri kushonwa. Msimu ukiwa umekolea wateja wanataka mashati 90 kwa siku, 270 gawa kwa 90, hizo ni siku 3 zimelala chini ya meza. Hivyo hivyo kila pembetatu. Hapa palikuwa na ugomvi kidogo kwasababu dada yangu alisema wingi wa vilivyokatwa ni dalili kazi inaenda, na mwezeshaji akamweleza taratibu bila kumdhalilisha mbele ya wafanyakazi kwamba katika aina saba za upotevu alizozitaja Taiichi Ohno wa Toyota, yaani kutengeneza kuliko inavyohitajika, kusubiri, kubeba vitu huku na huku, kufanya kazi zaidi ya anayoitaka mteja, stoku, watu kutembea bure na makosa, ile ya kwanza ndo Ohno aliiona mbaya kuliko zote mana inazaa nyingine. Ukikata 240 kwa mpigo unahitaji pa kuziweka, unahitaji kuzihamisha, na kama saizi zilikosewa umekosea 240 sio 30. Na kweli mwezi mmoja kabla tulikuwa tumekata oda nzima kwa saizi za shule nyingine. Hakuna aliyeongea.

Ila kilichonishangaza zaidi kilikuwa juu ya karatasi, kwenye mstari wa habari. Mimi nilidhani tatizo letu lipo kwenye mashine. Mwezeshaji akauliza swali moja: "Kesho asubuhi fundi atajuaje akate nini?" Akauliza watu wanne kila mmoja peke yake. Mkataji akasema naangalia daftari. Dada yangu akasema namtumia WhatsApp. Mimi nikasema tunaongea asubuhi. Dada wa ovaloki akasema huwa naona tu kitambaa kipi kipo juu ya meza. Majibu manne, swali moja, karakana moja. Na orodha ya saizi kutoka shuleni ndo balaa kabisa, sekretari wa shule anatuma vipande vipande, leo darasa la tano kesho la saba, wengine hawajapimwa, sisi tunakaa na oda siku 4 tunasubiri orodha ikamilike na bado tunaipokea kama oda imeshaanza, na mteja kwenye kichwa chake siku zinahesabika.

Jioni tukajumlisha mstari wa chini. Kusubiri orodha siku 4. Kusubiri kitambaa 3, mana Kariakoo tulikuwa tunaenda mara moja kwa wiki. Kusubiri kukatwa 2. Chini ya meza 3. Kabla ya ovaloki na vifungo 2. Nembo 4, mana mashati yaliyokwisha kushonwa yanapelekwa kwa fundi wa nje kwa bodaboda yanakaa foleni kwake yanarudi. Kukaguliwa, kurekebishwa, pasi na kufungasha 3. Siku 21 za kazi. Na shati linashikwa dakika 39.

Dada wa ovaloki alikaa anaiangalia ile karatasi muda mrefu alafu akasema, "Kumbe sio sisi."

Nimeandika hii rivyu nzima ili niweke hayo maneno matatu. Miaka yote tulikuwa tunawasukuma mafundi, haraka haraka jamani, mnachelewesha, tumewahi hadi kukatana posho, na wao walikuwa wanabeba lawama ya siku 21 wakati mikononi mwao shati halimalizi hata saa moja. Mtu mwenye karakana akisoma hapa naomba asimame kwanza ajiulize ameshamlaumu nani.

Siku ya pili ilikuwa nzuri asubuhi, mbovu mchana. Asubuhi tulipiga hesabu ya takti, yaani kila baada ya muda gani shati moja linatakiwa litoke ili tuendane na mteja. Tunafungua saa 2 asubuhi tunafunga saa 11 jioni, toa saa moja ya chakula na nusu saa ya chai, zinabaki dakika 450. Gawa kwa mashati 90, kila dakika 5 shati moja. Kushona ni dakika 21, gawa kwa 5 unapata 4 na kidogo, kwahiyo mafundi 5 wanatosha. Sisi kwenye mashati tunao 6. Ovaloki dakika 4, inapita chini ya 5. Vifungo 3, inapita. Yaani ile cherehani dada yangu aliyotaka kununua, na fundi wa ziada wa kuikalia, isingetoa hata shati moja mapema, ingeongeza tu viporo mbele ya ovaloki. Hesabu ya darasa la sita hii, kugawanya tu, na ilituokolea hela sawa na tuliyomlipa yeye. Kama ukitaka kujaribu kitu kimoja kabla hujalipa mtu yeyote, jaribu hiki.

Alafu akatuonyesha hesabu nyingine ambayo sikuwahi kuisikia. Kila hatua unauliza, katika oda 10 zinazofika kwako ngapi zinakuja zimekamilika hazihitaji kurudishwa wala kuulizia? Orodha ya saizi, 6. Kukata na kushona, 9. Nembo, 9. Hauzijumlishi, unazizidisha, 0.6 mara 0.9 mara 0.9, unapata 0.486. Hazifiki hata oda 5 katika 10 zinazopita mwanzo mpaka mwisho bila mtu kurudi nyuma kurekebisha kitu. Na ukiangalia ni ile 6 inayotuangusha, ambayo haipo hata kwenye mashine, ipo kwenye simu.

Mchana sasa. Walitugawia kabrasha, lote la Kiingereza, mfano wake wa kiwanda cha vipuri vya gari, na msaidizi akatumia karibu saa mbili kutufundisha alama, mshale wa hivi ni wa kusukuma, huu wenye kona ni wa habari zinazopita kwenye simu au kompyuta, hiki ni stoo, hiki ni lori. Mafundi wakaanza kusinzia na siwalaumu. Kwa karakana yetu tulihitaji alama tano tu, kiboksi, pembetatu, mshale wa mzigo, mshale wa habari na mstari wa muda, nyingine mtu atajifunza akizihitaji. Ukichukua huduma hii waambie mapema kabisa wakuandalie mfano wa kazi inayofanana na yako na kwa Kiswahili. Wanaweza, mana yule mwezeshaji mkuu alipoongea yeye Kiswahili kilitosha kwa kila kitu.

Siku ya tatu ramani ya kesho. Hapa kosa ni letu na lao pia. Dada yangu aliondoka saa 6 kwenda benki akarudi saa 10, na mambo mawili yaliyohitaji ruhusa yake, hela ya kuweka stoku ya kitambaa na utaratibu wa kutopokea oda bila orodha kamili, yakabaki hewani yakaja kuamuliwa wiki mbili baadae. Wao wangetuambia kwenye mkataba kwamba mwenye uamuzi wa hela lazima awepo siku ya tatu kutwa nzima. Na fundi wa nembo ambaye ni siku 4 nzima za ramani hakualikwa kabisa, tulimpigia simu tukiwa tumeshachora kazi yake bila yeye, akachukia, na alikuwa na haki ya kuchukia.

Ila ramani yenyewe ilitoka nzuri na haikuwa na maajabu. Oda haihesabiwi imeingia mpaka fomu moja ya saizi ijazwe yote, tunampelekea sekretari wa shule fomu yetu na mtu wetu anakwenda kupima watoto siku moja akamaliza. Kitambaa cheupe tunaweka stoku ndogo, na kwenye jora la pili kutoka mwisho imefungwa kadi nyekundu, ukilifikia hilo jora kadi inakwenda kwa anayenunua na anakwenda Kariakoo siku hiyohiyo, haulizi mtu. Mkataji anakata mafungu ya 30 sio oda nzima. Na ubao mmoja ukutani unaosema kesho tunakata nini, anauandika mtu mmoja tu, majibu manne yakawa moja.

La nembo ndo nililolipenda kuliko yote, na lilitoka kwa mkataji, sio kwa mtaalamu. Mzee akasema, "Kwani nembo inakaa wapi? Si mfukoni? Basi peleka mfuko." Yaani badala ya kushona shati zima ndo lipelekwe kudariziwa, vipande vya mifuko vinakwenda kwa fundi wa nembo vikishakatwa tu, huku shati linaendelea kushonwa kola na mikono, mfuko unarudi na nembo yake unabandikwa. Bodaboda anabeba kifurushi kidogo badala ya viroba vitatu, nembo ikikosewa umeharibu kipande cha mfuko sio shati zima, na zile siku 4 zinakwenda sambamba na kushona. Miaka yote hiyo mzee alikuwa na hilo wazo? Nilimuuliza. Akasema hakuna aliyewahi kumuuliza kazi ikitoka kwake inakwenda wapi.

Matokeo. Oktoba mambo yalikuwa magumu kweli, mafundi walizoea kuona rundo mbele yao, fungu la 30 likiisha wanahisi kazi imekata, wawili wakaja kuniuliza kama kuna kupunguzwa. Novemba ikatulia. Desemba oda ya shati ilikuwa inatoka kwa siku 9 mpaka 10 badala ya 21, na tarehe za mwisho za Desemba hakuna aliyelala karakanani. Sare za mwisho za shati zilichukuliwa kabla shule hazijafunguliwa. Siku 9 bado ni nyingi ukizilinganisha na dakika 39, najua, na kuna wiki mashine ya fundi wa nembo ilikufa tukarudi nyuma siku 3 zote. Fomu ya saizi nayo shule mbili ziligoma, wakasema mafundi wengine hawawasumbui hivyo, moja tukaipoteza. Hiyo ni hasara na naiandika mana ramani haikuonyesha kwamba mteja naye atatakiwa abadilike.

Sketi hatukuzigusa. Sketi za marinda mpaka leo zinachelewa vilevile kama zamani, upande mmoja wa karakana umetulia, upande wa pili kelele.

Malalamiko yaliyobaki: waliahidi kurudi baada ya mwezi mmoja kukagua, wakaja baada ya wiki saba na ni baada ya mimi kupiga simu mara nne. Kwenye mabadiliko kama haya wiki ya nne ndo watu wanapotaka kurudia zamani, hapo ndo unamhitaji mtu. Alafu walitutumia ramani imechorwa upya kwa kompyuta, ya rangi, inapendeza, hakuna aliyeifungua zaidi ya mara moja. Ile ya kaki yenye madoa ya chai ndo ipo ukutani na ndo mafundi wanaandikia, kwahiyo hiyo ya kompyuta ukiambiwa ni ya kulipia zaidi ikatae.

Kuna waliouliza kama hii ni sawa na zile S tano, sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia, ambazo wengi mmeziona zimebandikwa hospitalini. Ni ndugu. Zile hospitali zetu zilianza nazo miaka mingi, Hospitali ya Rufaa Mbeya ilianza 2007, na kwenye viwanda Wizara ya Viwanda na Biashara ilianza mradi wa kaizeni, yaani kuboresha kazi kidogo kidogo bila kukoma, na JICA, shirika la misaada la Japani, mwaka 2013, kwahiyo wapo wakufunzi wa serikali na inafaa ukaulize huko kwanza kabla hujatoa milioni yako. Ila S tano inakupangia meza, haikuambii kwanini oda imekaa siku 4 haijafika mezani. Sisi karakana yetu ilikuwa safi kabisa na bado tulichelewa.

Nani asichukue huduma hii? Kama wewe ni fundi mmoja unashona suti za harusi, kila moja ya kwake, hela hiyo ni nyingi mno, chukua penseli ufuate suti moja mwenyewe. Kama mwenye mali hataki kukaa chini asikie fundi anasema nini, usilipe, utapata karatasi tu. Na kama nia ni kupata sababu ya kupunguza watu, tafadhali usifanye, mafundi wakishajua hivyo hakuna ramani nyingine utakayochora hapo tena, watakuficha kila kitu.

Kwa mwenye oda zinazojirudia, watu kuanzia saba nane hivi, na mzigo unaochelewa, mimi nasema chukua, kwa masharti: mwezeshaji atembee na nyinyi, mafundi wawepo siku zote tatu na walipwe siku zao kama kawaida, mwenye hela asiondoke, mtu wa nje anayeshika kazi yenu aalikwe, na tarehe ya kurudi iandikwe kwenye mkataba na robo ya malipo ibaki mpaka warudi. Hiyo ya robo nimejifunza kwa kuumia.

Nikiwapa nyota natoa nne kati ya tano kwa siku ya kwanza na ya tatu, mbili kwa mchana wa siku ya pili, mbili kwa kufuatilia. Yule dada mwezeshaji mwenyewe nampa tano.

Sketi za marinda tunaanza kuzichora Jumatatu ijayo, safari hii wenyewe bila kulipa mtu. Fundi wa nembo kaalikwa, kasema atakuja na daftari lake.